Dell P2419H ya mtumba: inchi 24 za kutosha, ukiikagua kabla ya kulipa

Hela ikibana, dukani kuna mitego miwili: monita mpya ya jina usilowahi kulisikia, na ile ya inchi 27 inayouzwa bei ya kutupa. Tungeziruka zote mbili tukachukua Dell P2419H iliyotumika, zile zinazotolewa maofisini Ulaya na kuishia kwenye maduka ya mtumba Nairobi na Dar es Salaam.

Ni ya 2018. Kioo chake ni IPS cha inchi 23.8, pikseli 1920 kwa 1080, 60 Hz, yaani picha hubadilika mara 60 kwa sekunde. IPS maana yake ukiitazama kwa ubavu rangi hazibadiliki. Kwenye kioo cha TN, aina nyingine ya kioo, ukiinuka kidogo tu kitini, picha inapauka. Ile ya inchi 27 nayo mara nyingi ina pikseli zilezile 1920 kwa 1080, zimetanuliwa tu: kila inchi inabaki na pikseli 82 hivi badala ya 93, na herufi ndogo zinaanza kuota meno pembeni. Kwa sinema sawa. Kwa Excel kutwa nzima, hapana.

Stendi ndiyo raha yake. Inapanda na kushuka sentimita 13, na kioo kinageuka hadi kusimama wima. Hapo pia ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa, maana stendi hupotea njiani na duka likafunga ya monita nyingine. Shika kioo kwa juu ukitikise. Kikicheza kama jino bovu, omba stendi nyingine au punguzo. Isiyo na stendi hufungwa kwenye mkono wa VESA (kipimo cha kawaida cha matundu ya skrubu nyuma ya monita) wa milimita 100 kwa 100, skrubu 4 za M4 zenye urefu wa milimita 10. Usilazimishe ndefu zaidi, zinaweza kugusa vilivyomo ndani.

Usikubali kuonyeshwa video ya samaki na maua. Hiyo huficha kila ubovu. Chomoa kebo ya picha, acha ya umeme, kisha shikilia kitufe cha kwanza kwa sekunde 5. Skrini itageuka kijivu, na kila ukibonyeza tena inaleta rangi nyingine: nyekundu, kijani, buluu, nyeusi, nyeupe. Kwenye nyeupe tafuta kona zenye umanjano au giza; hiyo ni taa ya nyuma iliyochoka, na kuibadilisha hakulipi. Kwenye nyeusi tafuta vidoti vinavyowaka. Kwenye kijivu tafuta kivuli cha upau wa Windows chini, alama ya miaka ya kazi ya ofisini. Kidoti kimoja pembeni kivumilie, mstari hata mmoja usiuvumilie. Iache iwake dakika 20 mkiendelea kupatana bei, kwani ubovu mwingine hujitokeza ikishapata joto.

Kebo sasa. Muuzaji atakupa ya VGA, ile ya kizamani, kwa kuwa ndiyo anayo nyingi, nawe utalaumu kioo kwa herufi zenye ukungu. Dai HDMI. Tundu la DisplayPort, njia nyingine ya picha, lipo, ila kebo rahisi ya kubadilisha hupitisha picha kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita; kinyume chake haifanyi kazi bila kigeuzi chenye umeme wake. Ukitumia HDMI na nyeusi ikaonekana kama majivu, kompyuta inatuma rangi kwa kipimo cha televisheni, ambako nyeusi ni 16 na nyeupe 235. Ingia mipangilio ya kadi ya picha, chagua 0 hadi 255.

Haina spika. Mwangaza wake ni niti 250, kwa hiyo usiiweke mkabala na dirisha la jua. Mcheza gemu anayetaka kasi atafute nyingine.

Soma lebo ya nyuma, maana majina yanafanana. P2419HC ina USB-C inayochaji laptopu hadi wati 65, na ukiikuta kwa bei ileile usiulize mara mbili. E2420H haina HDMI kabisa na stendi yake haipandi. Hela ikipungua zaidi, P2214H ya inchi 21.5 nayo ni IPS yenye pikseli zilezile. Haina HDMI, lakini ina tundu la DVI, na kebo ya DVI kwenda HDMI huiwasha bila kigeuzi chochote.