TAHADHARI: Vishoka wa safari Arusha na amana "ya kulipia geti"

Hii ni kwa wanaopanga kuja Arusha kutembea, na hasa kwa wenyeji wenye wageni kutoka nje. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena sikukuu za Desemba, mji unajaa wageni na vishoka wa safari wanachacharika. Hawana ofisi, hawana leseni, hawana gari. Wana simu, picha za magari ya watu na maneno matamu.

Mitaani utawakuta Mnara wa Saa, Barabara ya Boma, Goliondoi, Soko la Wamasai, na milangoni mwa gesti za Kaloleni na Levolosi. Wengine wanasubiri abiria wanaoshuka kwenye magari ya Namanga. Wengi siku hizi wamehamia WhatsApp na Instagram, na huko wanatumia nembo na picha za kampuni halali, wanabadilisha namba ya simu tu.

Mchezo wenyewe unaanza kwa ukarimu. "Karibu Arusha kaka, mimi sikuuzii kitu, nakuonyesha njia tu." Akishajua umefikia wapi na unaondoka lini, anakuambia kuna kundi la watu wanne linaondoka kesho alfajiri kwenda kreta ya Ngorongoro, imebaki nafasi moja au mbili, bei ni dola 100 kwa kila mgeni. Lakini geti lazima lilipiwe leo, kwa hiyo tuma nusu sasa hivi. Baada ya hapo kuna njia tatu. Anazima simu. Au asubuhi anakuambia wale wanne wamejitoa, ongeza hela gari liondoke. Au anakuuza kwa mtu mwingine mwenye gari bovu, na ukifika getini dereva anasema hajapewa hela ya kiingilio. Hii ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu uko zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini, umeshapita Karatu, na huna pa kuchagua.

Piga hesabu kabla ya kutoa hela. Kiingilio cha hifadhi ya Ngorongoro kwa mgeni asiye raia wa Afrika Mashariki ni dola 70.80, yaani dola 60 pamoja na VAT ya asilimia 18. Gari kushuka kreta ni dola 295, nayo ni dola 250 pamoja na VAT. Land Cruiser ya safari ikibeba wageni wanne, kila mmoja anabeba dola 73.75 za gari. Jumlisha na kiingilio chake, unapata dola 144.55. Hata wakijaa saba, kila mmoja bado anafika karibu dola 113. Hapo hujaweka mafuta ya kwenda na kurudi, dereva, chakula cha mchana wala faida ya mwenye gari. Kwa hiyo anayekuuzia kreta kwa dola 100 hajakupunguzia bei. Ama hana nia ya kukufikisha, ama atakudai tofauti njiani. Viwango hubadilika, kwa hiyo angalia tovuti ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), halafu rudia hesabu hiyo hiyo kwa Tarangire, Manyara au Serengeti.

Raia wa Tanzania na wa nchi za Afrika Mashariki wanalipa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha. Vishoka wanalijua hilo. Wanamtoza binamu yako wa Nairobi bei ya Mzungu, getini anaandikwa kama Mwafrika Mashariki, tofauti inaingia mfukoni mwao. Omba mchanganuo ulioandikwa: kiingilio kiasi gani, gari kiasi gani, malazi kiasi gani. Na mbebe vitambulisho halisi au pasipoti, kwa sababu picha kwenye simu inaweza kukataliwa.

Kuhusu hela ya geti: ada za hifadhi hazilipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Zinalipwa kwa kadi au kwa kumbukumbu namba ya serikali yenye tarakimu 12, inayoanza na 99, na ukiiingiza kwenye simu au benki unaona jina la taasisi na kiasi kabla ya kuthibitisha. Kampuni kukulipia ada ni kawaida kabisa, ila hela yako iende kwenye akaunti ya benki au Lipa Namba yenye jina la kampuni. Jina linatokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu binafsi, simama hapo. Ukiambiwa "huyo ni mhasibu wetu", bado usitume.

Stakabadhi nayo iangalie vizuri. Kile kitabu cha risiti chenye nakala ya kaboni kinauzwa stesheneri yoyote, na muhuri wa mpira unachongwa siku hiyo hiyo. Unachotaka ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya TRA (mamlaka ya mapato), yenye TIN (namba ya mlipakodi), jina la biashara na ile alama ya mraba ya kuskani. Iskani hapo hapo dukani. Isipofunguka kwenye mfumo wa TRA, au ikileta jina lingine, dai urudishiwe hela yako kabla hujatoka mlangoni.

Leseni ya kampuni ya safari inatolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, wengi wanaiita TALA, na inahuishwa kila mwaka. Omba kuiona, soma jina na mwaka. Cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara) peke yake hakitoshi, kinaonyesha tu kwamba jina limesajiliwa. Kama kampuni inadai ni mwanachama wa TATO (chama cha waendesha safari za utalii), ofisi za chama hicho ziko hapa hapa Arusha, waulize. Kisha ipigie kampuni kwa namba iliyo kwenye tovuti yake, siyo namba uliyopewa na aliyekufuata, uulize kama huyo mtu wanamfahamu. Simu moja ya namna hiyo inaumbua wengi.

Jihadharini pia na wanaouza Mlima Meru kwa siku moja, kwa kupita vijijini upande wa Tengeru au Ngaramtoni. Meru iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, watu wanaanzia geti la Momela, wanaongozana na askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu njiani kuna nyati na tembo, na safari ya kawaida ni siku tatu au nne, kwa kulala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle. Njia ya kuibia ni hatari kwa maisha.

Tanzanite ya mkononi mitaani, acha. Kioo cha bluu kinabaki bluu hata ukikigeuza, wakati tanzanite ikigeuzwa kwenye mwanga inaonyesha bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Lakini hata ikiwa ya kweli, bila nyaraka za muuzaji mwenye leseni itakuletea shida uwanja wa ndege.

Mgeni anayeshukia KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) apewe mapema jina la dereva na namba ya gari. Bango lenye jina lake halitoshi, linanakiliwa.

Kama umeshatuma hela, usipoteze muda kubembelezana na tapeli. Piga 100 kwa mtandao wako mara moja, uombe muamala uzuiwe, ukiwa na ule ujumbe wa muamala mkononi. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Usifute mazungumzo ya WhatsApp, yapige picha, pamoja na jina lililotokea kwenye muamala. Kisha nenda polisi ukachukue RB (namba ya taarifa yako ya tukio). Arusha kuna kituo cha polisi cha utalii na diplomasia, na mgeni wa nje asindikizwe na mwenyeji ili maelezo yaandikwe sawasawa. Fanyeni hivyo siku hiyo hiyo, hata kama mgeni anaondoka kesho yake.