Mkojo au damu ya kadi: kumpima mtoto asidi za kimetaboli

Mtoto mchanga anayekataa ziwa ghafla, akatapika na kupumua haraka hutibiwa maambukizi kwanza, na ndivyo inavyofaa. Asipopata nafuu, asidi za kimetaboli, yaani zile zinazojaa mwili unaposhindwa kuchakata chakula, zichunguzwe upesi.

Damu iliyokaushwa kwenye kadi ni rahisi kusafirisha: matone machache ya kisigino, bahasha, na inatoka Kisumu bila barafu. Udhaifu uko kwenye jibu. Propionilikanitini (kiashiria kinachopimwa kwenye damu hiyo) ikipanda, huenda ni asidemia, yaani ugonjwa wa kurithi wa asidi kujaa mwilini, ya propioni au ya methilimaloni, au hata mtoto amekosa vitamini B12 kwa sababu mama mwenyewe ana upungufu.

Mkojo hutenganisha zaidi. Kromatografia ya gesi, kipimo cha maabara kinachotenganisha kemikali moja moja, huonyesha asidi zenyewe. Asidi ya methilimaloni ikijaa, asidemia ya propioni inaondolewa kwenye orodha, na baadhi ya watoto hao hunufaika na sindano za B12. Kazi ipo: mfuko wa kunata, kugandisha, na kwa joto la Kisumu, kisanduku cha barafu. Tena uchukuliwe mtoto akiwa bado mgonjwa, maana akipata nafuu dalili za asidi zaweza kufifia.

Ningechukua vyote viwili; nikilazimika kuchagua, mkojo. Dripu ya glukosi isisubiri majibu.