Drum za zamani: nunua gazeti zima, usinunue kava peke yake

Aisee nimepata Drum za zamani, zile za toleo la Afrika Mashariki miaka ya sitini, kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Dar, na kama unapenda historia yetu usiumie na bei, zinalipa. Kwa wasiolijua, ni jarida la Kiingereza lililoanzia Afrika Kusini mwaka 1951, baadae likawa na matoleo ya Afrika Magharibi na huku kwetu.

Picha zake sasa! Kava la rangi, binti mweusi kakuangalia usoni kama mwenye mji. James Barnor, mpiga picha wa Accra aliyehamia London 1959, ndo alikuwa anawapiga picha mabinti weusi kwa ajili ya Drum kule kule kwenye mitaa ya wazungu, wamependeza hatari, gauni fupi, kiatu, pozi la mtu aliyejiamini. Mishono yenyewe ukimpelekea fundi leo anakutolea na unaenda nayo harusini.

Halafu unafungua ndani unakutana na tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi, mbele kidogo mawigi. Inauma, yaani kava linamsifia mweusi afu kurasa za ndani zinamuuzia dawa ya kuacha kuwa mweusi, ila ndo hivyo ilivyokuwa na tusifiche. Ukiyaona hayo matangazo ndo unaelewa TANU Youth League, vijana wa chama tawala, walikuwa wanapigana na nini walipotangaza Operesheni Vijana 1968, wakapiga marufuku mawigi na krimu kuanzia Januari 1969, japo wakachanganya na vimini humo humo na mabinti wakasumbuliwa barabarani kisa gauni, hilo siliungi mkono hata kidogo.

Kwahiyo wale wauzaji wanaochana kava wakaliweka kwenye fremu na kuliuza peke yake wananikera sana, maana ukibaki na kava tu unabaki na nusu ya habari, na hata mojawapo ya nilizonunua nimefika nyumbani nikakuta kurasa za katikati zimekatwa.

Kabla hujalipa hesabu kurasa, angalia pini kama zina kutu maana zinakula karatasi, na nyumbani usizifunge kwenye nailoni, kwa joto hili la Dar zitaota ukungu, weka kwenye bahasha ya karatasi, sehemu kavu. Nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa hizo kurasa zilizokatwa.