Losheni ya zinki ya Kisumu: fomula moja, bechi mbili

Kopo la mililita 100 la losheni hii ya kujikinga na jua linauzwa shilingi 750. Limeandikwa zinki oksidi (unga mweupe unaozuia miale ya jua) asilimia 20, SPF 30 (kiwango cha kinga dhidi ya jua), na linatoka kwa karakana ndogo hapa Kisumu. Viungo havijabadilika: mafuta, nta ya nyuki, kiunganishi cha mafuta na maji, zinki, maji, chumvi kidogo na kihifadhi. Hata hivyo bechi ya zamani haifai kupakwa, na bechi mpya ni losheni nzuri. Kilichobadilika ni namna ya kuchanganya.

Paka tone jembamba kwenye kioo cha dirisha, kisha litazame dhidi ya mwanga. Bechi ya zamani ina vidoa vyeupe kama chenga za unga wa ugali, na katikati yake mwanga unapita wazi. Hapo ngozi nayo ingekuwa wazi. Zinki yote iliyoahidiwa imo koponi, lakini imejikusanya mabonge. Chanzo ni unga kumwagwa mkavu ndani ya losheni iliyokwisha kushikana. Blenda huyazungusha mabonge bila kuyavunja. Sasa karakana inasaga zinki ndani ya sehemu ya mafuta kwanza, pamoja na kiunganishi, mpaka uji uwe laini kabisa, ndipo maji yanaingia. Kwenye kioo bechi mpya inaacha utando mmoja mweupe, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo.

Chenga si lazima ziwe zinki. Ziweke kwenye kijiko kilichopashwa moto. Zikiyeyuka, ni nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo maji ya baridi yakikutana na mafuta ya moto, nta inaganda papo hapo. Mafuta na maji yote yafikishwe nyuzi 75. Zisipoyeyuka, ni zinki, na kopo hilo halisaidiki kwa kulikoroga nyumbani.

Kosa la pili la bechi ya zamani lilikuwa maji kujitenga na losheni. Hii ni losheni ya maji ndani ya mafuta: ukidondosha kidogo kwenye glasi ya maji, inabaki kidonge. Ndiyo maana inastahimili jasho, na inawafaa wavuvi wa ufuo wa Dunga na wauzaji wa soko la Kibuye wanaoshinda juani. Lakini aina hii haitaki haraka. Maji yamiminwe kwa mkondo mwembamba huku mafuta yakikorogwa. Yakimwagwa kwa pupa, matone yanabaki makubwa, yanaungana, na baada ya wiki chache yanajitenga. Chumvi isiyozidi asilimia 1 ndani ya maji huyatuliza matone. Mashine ya kasi iingie mwishoni, dakika tatu hadi tano, kichwa chake kikiwa kimezama. Kikikaribia uso kinavuta hewa, na kopo linajaa povu badala ya losheni. Baada ya hapo ni kukoroga polepole hadi nyuzi 40, ndipo kihifadhi kinachoharibiwa na joto kitiwe.

Tunachokikataa bado ni ile SPF 30. Nambari hiyo haitokani na kupiga hesabu ya asilimia ya zinki. Hutokana na kipimo cha maabara kwa losheni iliyotengenezwa kwa njia hiyo hiyo, na kopo halitaji kipimo chochote. Kwa mtu mwenye ualbino, mkubwa au mtoto, tungechagua losheni iliyopimwa hata ikiwa ghali zaidi. Kwa wengine, bechi mpya inafaa, mradi ipakwe ya kutosha: mwili mzima wa mtu mzima unahitaji mililita 30 hivi, hivyo kopo hili ni mipako mitatu tu, na mpako hurudiwa kila baada ya saa mbili.

Dukani bechi zote mbili bado ziko rafu moja. Geuza kopo usome nambari ya bechi iliyo chini, kisha omba kulifungua: ukiona maji yaliyojitenga, lirudishe.