Picha za Merian: chapa ya bamba au chapa ya pili?

Kitabu cha Maria Sibylla Merian, mchoraji na mchunguzi wa wadudu, kuhusu wadudu wa Suriname huko Amerika Kusini, cha 1705, kina picha 60. Nakala zilizopakwa rangi kwa mkono zipo za namna mbili. Ipi bora?

Chapa ya bamba hutoka moja kwa moja kwenye bamba la shaba lililochongwa. Mistari yake ni myeusi na mikali, hata nywele za kiwavi huhesabika. Ila picha hugeuka: kushoto huwa kulia.

Chapa ya pili hutaka haraka. Karatasi nyevu hulazwa juu ya chapa ambayo wino wake haujakauka, zikapitishwa pamoja mtamboni. Ukichelewa, wino hauhami. Picha hurudia mkao wa bamba, mistari hufifia, alama ya ukingo wa bamba haionekani, na rangi hutawala kama mchoro wa mkono. Uzuri huo una bei: karatasi mbili, kazi mara mbili, na chapa ya kwanza hupungukiwa wino.

Kwa kuchunguza mishipa ya bawa, chukua ya bamba. Kwa kujifunza upakaji rangi, ya pili inafaa zaidi.