Fundi aliyeiita kompyuta yangu chuma chakavu

Nikikumbuka tu kichwa kinaniuma. Mimi nina steshenari ndogo huku Ujiji, natoa kopi, nachapa barua, nalaminisha vyeti, na kazi yote inategemea desktopu moja ya mtumba niliyokaa nayo miaka. Haijawahi kunisumbua, tatizo lake ni uzito tu. Ila nzito kweli, ukifungua Word na brauza kwa pamoja mteja anaweza kwenda kula akarudi. Ndo mtu akanambia nenda Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kuna fundi akuongezee RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta ya kufanyia kazi, itoke GB 4 iwe 8, utaona itakavyopaa.

Nikaenda, CPU nimeipakata kwenye bajaji kama mtoto mgonjwa. Fundi hata salamu kaitikia nusu, kiearphone kiko sikioni. Kachomoa RAM zangu mbili za zamani kaniwekea kwenye kimfuko cha nailoni, kapachika mbili zingine, zikaingia vizuri tu, na umeme muda huo umekatika. Akasema "mama nenda, ukifika washa, hamna shida". Nikalipa elfu hamsini za RAM na elfu kumi ya ufundi. Kosa hilo langu nalikubali, ningesubiri umeme urudi, ila duka nimelifunga, nasubirije?

Nafika nawasha, feni inazunguka, taa inawaka, monita nyeusi tii, afu ikaanza kulia, pii pii pii, inanyamaza, pii pii pii. Jamani! Na ilikuwa kile kipindi cha fomu za watoto wanaoenda kidato cha kwanza, wazazi foleni mpaka kwa jirani yangu anayeuza mawese, wote nikawaambia njooni kesho huku nimejawa aibu.

Kesho yake narudi Mwanga, umeme upo na wateja wamejaa. Yule bwana hakufungua hata skrubu moja. Kaisikia inalia, kasema kwa sauti kila mtu asikie, "mama hii mazabodi, bodi kuu ya ndani, imekufa, hiki ni chuma chakavu, lete laki na nusu nikutafutie nyingine". Chuma chakavu! Na watu wakacheka. Mimi nimesomesha watoto wawili kwa hicho chuma chakavu. Akaendelea eti hata Windows 11 haikubali, na hiyo 10 Microsoft waliacha kuihudumia toka Oktoba 2025. Sawa, hilo ni kweli sibishi, lakini nani kamuuliza habari za Windows? Imetoka kwangu inawaka, imepita mkononi mwako haiwaki, unaniambia mazabodi imejifia yenyewe kwenye bajaji?

Nikarudi nayo. Mchana akaja kijana mmoja alitaka kuchapa barua ya kuomba kazi, akanikuta nimeshika tama. Akaomba bisibisi. Akachomoa waya wa umeme, akakandamiza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobakia ndani uishe, akatoa ile betri ndogo kama ya saa akairudisha, bado pii pii pii. Ndo akachomoa RAM, akaigeuza geuza, akauliza "mama, hii umeuziwa wapi?" Kwenye lebo imeandikwa PC3-10600R, kumbe hiyo R ya mwisho ndo mchawi mwenyewe, ni RAM ya seva, zile kompyuta kubwa za kuhudumia kompyuta nyingine. Za kwangu za zamani zinaishia na U. Akanihesabisha vile vidude vyeusi, hizi mpya upande mmoja viko tisa na kingine cha peke yake katikati, za kwangu viko nane. Ubaya wake lile pengo la chini liko sehemu ile ile kwa zote mbili, kwa hiyo inaingia bila kulazimisha, mtu unaona mambo safi, ila mashine ya kawaida kama yangu haiielewi kabisa. Akasugua miguu ya zile za zamani kwa raba ya kufutia penseli, akapachika, akawasha, haooo Windows hiyo. Barua yake nilimchapia bure na kopi kumi juu.

Safari ya tatu Mwanga nilienda nimejiandaa kwa vita, R yangu mkononi. Fundi kaiangalia, kimya. Kainama kwenye droo, katoa zinazoishia na U, na safari hii kajaribisha mbele yangu mpaka ikasoma GB 8, hakuniongeza hata shilingi. "Zilichanganyika mama angu, zilikuja boksi moja." Hapo hasira zikashuka, nisiseme uongo. Na mashine saivi inapaa kweli, hata mume wangu kashangaa. Nilitaka kuandika msiende pale kabisa, sasa sijui, maana RAM za kizamani hizo kwingine nilikoulizia hapa mjini sikupata.

Lakini bajaji mara tatu kwenda na kurudi, siku mbili duka halifanyi kazi, afu namuuliza ile elfu kumi ya ufundi ananijibu "si kazi nimefanya mama?" Kazi ipi?? Aliyefanya kazi ni yule kijana, tena kwa raba! Na lile neno la chuma chakavu hajaomba radhi mpaka leo, maana alilisema mbele ya watu na RAM kanipa tumebaki wawili. Nilishaweka nyota tatu kwa ajili ya hizo RAM. Nimezirudisha zikawa mbili. Elfu kumi yangu bado iko pale.