Uzoefu wangu wa fleti ya kupanga Bamburi: uliza maji kabla ya kulipa

Fleti yenyewe iko Bamburi, pwani ya Mombasa, ghorofa ya tatu, vyumba viwili vya kulala, na tulikuwa watu wanne kwa siku tano. Naipa nyota tatu kati ya tano. Vitanda vilikuwa vizuri, usafi sina neno. Nyota mbili zilizobaki zimepotelea kwenye maji na hewa, mambo ambayo picha za tangazo hazionyeshi na ambayo sisi wa Nairobi hatujazoea kuyauliza. Nimelala pia Nyali, Diani na Mji wa Kale kwa safari nyingine, kwa hiyo nitalinganisha.

Nianze na bomba. Maji ya kaunti ya Mombasa hutoka mbali sana: chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Hayatoshi, na kuna mitaa inayoyaona kwa zamu. Ndiyo maana majumba mengi ya Nyali na Bamburi yamechimba visima vyao. Sasa, chini ya ardhi pale ni mwamba wa matumbawe wenye matundu matundu, na kadiri kisima kinavyovutwa kwa pampu ndivyo maji ya bahari yanavyosogea. Unachopata kwenye shawa ni maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, nywele zinakakamaa, chai haina ladha, na maharagwe yanachemka nusu siku bila kulainika. Kwenye picha za bafu kuza kichwa cha shawa na shingo ya bomba: ukiona ukoko mweupe au kutu ya kijani, jibu umeshalipata.

Ukimuuliza mwenyeji kama kuna maji, atakwambia yapo, na atakuwa amesema kweli. Swali liwe hivi: ya shawa ni ya kisima, ya kaunti au ya bowza (lori la maji)? Na ya jikoni je? Tangi ni la lita ngapi, na linahudumia nyumba ngapi? Stima ikipotea, maji yanashuka yenyewe kutoka tangi la juu au yanangoja pampu? Katika fleti hii yalingoja pampu, na jenereta iliwasha taa za ngazi na lifti peke yake, kwa hiyo stima ikienda na bomba linakauka. Watu wanne wanaotoka baharini na kuoga mara mbili wanamaliza lita 250 hadi 300 kwa siku, sawa na mitungi kumi na mitatu hadi kumi na mitano ya lita 20 ukilazimika kununua kwa mkokoteni. Ya kunywa, kupikia na chai, weka hesabu ya mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Maji ya moto usiyalipie zaidi. Kufikia saa sita mchana, tangi lililo juani limeshayapasha.

Hewa nayo ina hesabu yake. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo ni kaskazi, joto hupita nyuzi 30 na usiku haupoi sana. Kuanzia Aprili hadi Septemba ni kusi, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi. Pepo zote mbili zinatoka upande wa bahari, basi chumba chenye dirisha linalotazama mashariki hupata hewa mwaka mzima, na kile cha magharibi hupikwa na jua la jioni. Chumba chetu kikubwa kilitazama magharibi, ukuta wa jirani ukiwa mita chache tu mbele. Kiyoyozi kilikuwepo, lakini dirisha lilikuwa la vile vioo vya kupangana ambavyo havifungi sawasawa, ubaridi wote ukatoka nje. Halafu stima ilikuwa ya tokeni, yaani ya kulipia kabla, juu ya mgeni. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba hula karibu yuniti moja kwa saa, hivyo usiku mmoja wa saa nane ni yuniti nane kwa kila chumba. Kwa bei ya shilingi 25 hadi 30 kwa yuniti, vyumba viwili ni kama shilingi 400 hadi 480 kila usiku. Uliza kama tokeni zimo kwenye bei, na ukifika piga picha ya mita kabla hujaweka mizigo chini. Feni ya dari na neti isiyo na matundu, inayofika chini ya godoro, mara nyingi vinatosha kipindi cha kusi. Neti usiidharau: malaria ya pwani humshika vibaya mtu aliyekulia baridi ya Nairobi.

Kuhusu bahari, tangazo lilisema dakika tano hadi ufuoni. Kwa mstari wa ramani ni kweli. Kwa miguu zilikuwa dakika kumi na nane, kwa sababu mbele ni ukuta wa viwanja vya watu na njia ya umma iko mbali. Mwombe mwenyeji akuonyeshe kwa video njia yenyewe, kutoka geti hadi mchangani. Ukipata nyumba karibu na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule unaoitwa Pirates, njia si tatizo, ila wikendi na sikukuu ujue ni umati.

Kuna jambo ambalo natamani kila familia ya Nairobi ilijue kabla ya kuchagua tarehe. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, tofauti ikizidi mita 3. Watoto wanaamka na hamu ya kuogelea wanakuta bahari imekwenda mbali, mwani na mawe yamebaki wazi. Kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja, nusu ya mwezi, ni maji mafu: hujaa karibu saa nne asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Ukitaka kuogelea asubuhi, panga safari wiki ya maji mafu. Ukiangukia bamvua, lipia nyumba yenye bwawa, au tumia asubuhi kwenda kwa mashua kuona matumbawe ya hifadhi ya baharini iliyo mbele ya Nyali na Bamburi, maana maji yakiwa machache ndipo yanaonekana vizuri. Vaa viatu vya mpira, kuna wanyama wa miiba miambani.

Mji wa Kale ni bora kwa wawili wanaotaka kutembea kwa miguu hadi Fort Jesus na kula mahamri na mbaazi asubuhi. Gari halifiki mlangoni na ufuo wa kuogelea hakuna. Mtwapa nyumba ni rahisi, lakini muziki wa usiku haulali. Diani ndiyo yenye mchanga niupendao zaidi, na tangu barabara ya Dongo Kundu iunganishe Miritini na kusini, unaweza kufika kwa gari bila kupanga foleni ya feri ya Likoni.

Treni ya SGR, ile ya reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, inakushusha Miritini, si mjini. Ile ya saa tisa mchana kutoka Syokimau, kituo cha Nairobi, hufika karibu saa mbili usiku, na ya saa nne usiku hufika kabla ya alfajiri, wakati fleti nyingi hukupokea kuanzia saa nane mchana. Mpate mwenyeji atakayekubali kwa maandishi kukufungulia mapema, au chagua ya asubuhi. Visu vya jikoni na dawa ya mbu ya kopo usifunge kwenye mzigo, ukaguzi wa Syokimau utavizuia. Nunua ukifika.

Malipo: amana ndogo tu, na jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kubonyeza kukubali lilingane na jina la mwenye tangazo. Akikataa simu ya video akiwa ndani ya nyumba, tafuta nyingine. Kwenye simu hiyo mwambie afungue bomba la jikoni, apake sabuni mikononi, utazame povu.

Siku ya kurudi, mwenyeji wetu alitaka tutoke saa nne asubuhi na treni ilikuwa saa tisa. Alikubali tuache mizigo kwa mlinzi hadi saa sita, na hapo namsifu. Ondokeni Bamburi kabla ya saa sita na nusu: foleni ya daraja la Nyali na Makupa haitabiriki, na ukaguzi wa Miritini unataka saa nzima.